Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mwanamke Kazini, Mshahara, Mimba na Haki Zake

Haya ndo maswali naulizwa sana na wanawake wenzangu wanaofanya kazi, na machache naulizwa na wanaume. Nimeyajibu vile ninavyomjibu mtu akinifuata ana kwa ana, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mafupi. Nikitaja mkataba wa kimataifa ujue kila nchi inauridhia kwa wakati wake na nyingine hazijauridhia kabisa, kwa hiyo uliza kwanza nchi yako iko wapi kabla hujaenda nao kwa bosi.

Kwani siku hizi wanawake si wanaajiriwa kama kawaida? Usawa gani tena mnautaka?

Kuajiriwa ni kufunguliwa mlango tu. Ukishaingia unakaa wapi, unalipwa nini, na ukizaa unarudi kwenye kiti gani, hapo ndo kwenye shida. Na hata huo mlango haujafunguliwa zamani sana. Uingereza mwanamke mtumishi wa serikali akiolewa alikuwa anaacha kazi, utaratibu huo ukafutwa 1946 lakini kwa wanadiplomasia uliendelea mpaka 1973, na Ireland nao waliufuta kwa watumishi wa serikali mwaka huohuo 1973. Wako mabibi wazima wa afya leo ambao waliachishwa kazi kwa sababu wameolewa, hawakuiba, hawakushindwa kazi, waliolewa tu.

Na bado mlango haujafunguka wote. Kwa hesabu za Shirika la Kazi Duniani, wengi wanaliita ILO, chini ya nusu ya wanawake wenye umri wa kufanya kazi wako kwenye soko la ajira, wakati wanaume wanazidi asilimia 70.

Pengo la mishahara lipo kweli au ni wanawake wenyewe wanachagua kazi za hela ndogo?

Lipo. Duniani kwa wastani mwanamke anapata kama asilimia 20 pungufu ya mwanaume, hiyo ni hesabu ya ILO. Ukiitaja tu namba hii mtu anakwambia wanawake wanaenda uuguzi na ualimu wa watoto, wanaume wanaenda uhandisi, sasa mnalia nini? Kuna ukweli kidogo hapo, lakini jiulize kwanini kazi ya kumlea na kumuuguza binadamu inalipwa chini kuliko kazi ya kuhudumia mashine. Nani alikaa akapanga hivyo?

Halafu hata ndani ya kazi moja pengo lipo. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2023 (mwanamke wa kwanza kuipata bila kugawana na mtu), amepekua kumbukumbu za zaidi ya miaka 200 za nchi yake na alichokiona ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo iko kati ya watu wenye taaluma ileile, na linaanza kupanuka mtoto wa kwanza anapozaliwa. Wanatoka chuo pamoja, wanaanza kazi mishahara karibu sawa, mtoto anakuja, mmoja anaendelea kupanda na mwingine anabaki palepale.

Sababu yake inabidi uielewe vizuri maana hapa ndo watu wengi wanalaumiana bure. Kazi nyingi zinazolipa sana zinalipa upatikanaji wako. Ukipigiwa simu saa tatu usiku upokee, ukiambiwa safiri kesho usafiri. Mtu anayefanya saa 60 kwa wiki halipwi mara mbili ya anayefanya saa 30, analipwa zaidi ya hapo. Sasa nyumba yenye mtoto lazima iwe na mtu mmoja ambaye shule ikipiga simu anaondoka, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Goldin anatoa mfano wa wafamasia, ambao pengo lao ni dogo, kwa sababu kumbukumbu za mgonjwa ziko kwenye kompyuta na mfamasia yeyote aliyepo zamu anaweza kumhudumia, kwa hiyo anayefanya saa chache hapunguziwi malipo ya kila saa anayofanya. Ina maana kazi ikipangwa vizuri pengo linapungua bila kumbadilisha mwanamke chochote.

Na usifikiri ni shida ya nchi maskini. Denmark wana likizo nzuri na vituo vya kulelea watoto, lakini watafiti waliofuatilia mapato ya wazazi walikuta mama akishazaa mtoto wa kwanza mapato yake yanashuka na miaka mingi baadaye bado yako chini kama asilimia 20 kulinganisha na ya mwanaume, ya baba hayatikisiki.

"Kazi yenye thamani sawa" ndo nini? Si waseme tu kazi sawa malipo sawa?

Hapana, na tofauti hiyo ni kubwa sana kihaki. "Kazi sawa" inakulinda tu kama pembeni yako kuna mwanaume anafanya kitu kilekile. Mwajiri mjanja anakupa jina lingine la cheo, basi, mmeshakuwa kazi tofauti. Ndo maana Mkataba namba 100 wa ILO wa mwaka 1951 unasema thamani sawa, yaani unapima ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi, hata kama mmoja anashona na mwingine anapaka rangi.

Mfano wenyewe ni wa kushona kweli. Juni 1968 wanawake 187 waliokuwa wanashona viti vya magari kwenye kiwanda cha Ford pale Dagenham, Uingereza, waligoma. Walikuwa wamewekwa daraja la wasio na ujuzi wakati kazi yao inataka ujuzi na unafanyiwa mtihani kabla ya kuajiriwa, na juu ya hapo walikuwa wanalipwa asilimia 85 ya mshahara wa wanaume wa daraja hilohilo. Viti vikaisha, magari yakasimama. Baada ya kama wiki 3 waziri wa kazi Barbara Castle akaingilia na wakarudi kazini kwa asilimia 92. Mgomo wao ndo ulisukuma Sheria ya Malipo Sawa ya 1970 iliyoanza kutumika mwisho wa 1975. Lakini kitu ambacho watu hawakisimulii ni kwamba daraja lao, ambalo ndo lilikuwa kilio chao cha kwanza, walilipata 1984 baada ya kugoma tena. Miaka 16. Hela iliongezwa mapema, kukubali kwamba mwanamke anayeshona ana ujuzi ndo kulichelewa.

Nitajuaje kama nalipwa chini ya wenzangu?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote hapa kwa maoni yangu, maana pengo linaishi kwenye siri. Mimi nilijua kwa bahati mbaya tu. Nilimfundisha kazi kijana mgeni kwa miezi mitatu, mpole, hana tatizo na mtu, siku moja karatasi yake ya mshahara ikabaki kwenye printa nikaiona. Alikuwa ananizidi karibu robo. Nilikaa nayo moyoni miezi kadhaa naogopa kuonekana nina wivu, na nilipokuja kuuliza nikaambiwa yule alijua kujadiliana wakati anaingia. Mimi wakati naingia sikuambiwa kwamba kuna kujadiliana, niliambiwa mshahara ni huu.

Kuna mama mmoja Marekani, Lilly Ledbetter, alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha matairi Alabama kwa miaka 19 tangu 1979. Karibu na kustaafu mtu ambaye hakujitaja akamwachia kikaratasi chenye mishahara. Yeye alikuwa anapata dola 3,727 kwa mwezi, mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wote kwenye cheo hichohicho alikuwa anapata 4,286. Hapo ni miaka mingapi imeshapita? Na hiyo tofauti haiishii kwenye mshahara, ovataimu inapigwa juu ya mshahara, pensheni inapigwa juu ya mshahara, kwa hiyo unaibiwa mpaka uzeeni. Nitarudi kwake mwishoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba ngazi za mishahara za cheo chako na vigezo vya kupanda, uliza kwa maandishi. Uliza walioacha kazi hapo, wao hawana cha kuogopa. Angalia matangazo ya kazi ya cheo kama chako, uliza chama cha wafanyakazi. Na kubalianeni na wenzako mnaoaminiana mtajiane, wanaume pia, maana wanawake peke yenu mkitajiana mnaweza kukuta wote mnalipwa chini na mkaridhika. Kabla hujafanya hivyo soma mkataba wako una kipengele cha usiri wa mshahara au la, nchi nyingine zimekipiga marufuku na nyingine bado.

Baadhi ya nchi zimeshaelewa kwamba dawa ni kuweka wazi. Uingereza tangu 2017 waajiri wenye watu 250 na kuendelea wanatakiwa kutangaza pengo lao kila mwaka. Iceland mwaka 2018 walianza kuitaka kampuni yenye wafanyakazi 25 na kuendelea ithibitishe yenyewe kwamba inalipa sawa, yaani mzigo wa kuthibitisha umetoka kwa mwanamke umeenda kwa kampuni. Umoja wa Ulaya walipitisha maelekezo yao 2023, mtu anayeomba kazi ana haki ya kuambiwa kiwango cha mshahara na mwajiri haruhusiwi kumuuliza alikuwa analipwa ngapi alikotoka. Hilo la mwisho nalipenda sana, maana ukiulizwa ulikuwa unalipwa ngapi, dhuluma ya kazi ya zamani unaibeba mpaka kazi mpya.

Kwenye usaili nimeulizwa kama nimeolewa na nina mpango wa kuzaa lini. Nijibuje?

Kwanza ujue siyo swali la kazi, na nchi nyingi sheria zao haziruhusu mtu anyimwe kazi kwa sababu hiyo. Lakini najua uko pale unataka kazi, huwezi kuanza kuwasomea sheria. Jibu kile wanachoogopa badala ya kile walichouliza, sema kwa utulivu "kama mnauliza kuhusu kupatikana kwangu kazini, ratiba mliyoisema naiweza," halafu nyamaza. Ukitoka andika nani aliuliza, tarehe, maneno gani. Ukinyimwa kazi utakuwa na pa kuanzia.

Hofu ya hilo swali siyo ya kufikirika. Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao walitengeneza maombi ya kazi yanayofanana kila kitu, tofauti ni moja tu, jingine lina dalili kwamba mwombaji ni mama. Yule mama akaonekana hana uwezo sana, hajajitoa sana kwenye kazi, na akapendekezewa mshahara wa kuanzia mdogo. Baba hakupunguziwa kitu, kwingine aliongezewa. Karatasi ni ileile!

Nina mimba. Niseme lini kazini, na haki yangu ni ipi?

Sema pale unapohitaji ulinzi. Kama kazi yako ina kemikali, mizigo mizito, zamu za usiku, kusimama siku nzima, sema mapema kwa sababu ya afya yako na mtoto. Kama ni ya kukaa na ofisi yako ina tabia ya kuwaondoa wajawazito kimyakimya, unaweza kusubiri kidogo lakini usipitishe muda wa taarifa uliowekwa na sheria ya kwenu. Ukisema, sema kwa maandishi, hata kama umeshamwambia bosi kwa mdomo na amekupongeza. Pongezi hazina tarehe, barua inayo.

Mkataba namba 183 wa ILO wa mwaka 2000 unasema likizo ya uzazi isipungue wiki 14, malipo yasiwe chini ya theluthi mbili ya mapato yako ya kabla, usifukuzwe kwa sababu ya mimba au kunyonyesha, na ukifukuzwa mwajiri ndo athibitishe kwamba sababu ilikuwa nyingine. Unakataza pia kumpima mimba mtu anayeomba kazi, isipokuwa kazi chache ambazo zina hatari kwa mama na mtoto. Wazo la likizo ya uzazi siyo la juzi, ILO walipokaa mkutano wao wa kwanza kabisa 1919 moja ya mikataba waliyopitisha ilikuwa hiyo, wiki 12.

Kuna jambo moja kwenye huo mkataba watu hawaliongelei na mimi naona ndo ufunguo. Unataka malipo ya likizo yatoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, mwajiri mmojammoja asibebeshwe peke yake. Ukimwambia mwenye kampuni ya watu wanane kwamba mwanamke akizaa wewe ndo unamlipa wiki zote hizo kutoka mfukoni kwako, umeshamfundisha asiajiri wanawake. Haki ikiwekwa vibaya inageuka kuwa sababu ya kunyimwa kazi, kwa hiyo tunapodai likizo ndefu tudai na mfuko wa kuilipa.

Nimerudi kutoka likizo ya uzazi nimekuta kiti changu kina mtu, mimi nimepewa "majukumu maalum".

Pole sana dada, hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyofikiria. Huo mkataba 183 unasema unarudi kwenye nafasi yako au inayolingana nayo na malipo yaleyale. "Majukumu maalum" yasiyo na watu wa kusimamia, hayana bajeti na hayana cheo siyo nafasi inayolingana. Omba maelezo ya kazi mpya kwa maandishi, yaweke pembeni ya yale ya zamani, onyesha kilichopungua. Usisaini chochote siku hiyohiyo. Kuhusu kunyonyesha, dai muda na dai mahali, penye mlango unaofungwa na pasiwe chooni, muda bila mahali hausaidii kitu na wanawake wengi wanaacha kunyonyesha mapema kwa sababu hiyo tu.

Bosi ananitaka. Nikikataa naogopa mkataba hautaongezwa. Nifanyeje?

Kosa siyo lako, siyo nguo yako, siyo kwamba ulicheka naye. Naanza na hilo kwa sababu kila anayenieleza anaanza kwa kujitetea. Utafiti wa ILO uliotolewa 2022 ulikuta zaidi ya mtu 1 kati ya 5 walioajiriwa duniani amewahi kufanyiwa ukatili au unyanyasaji wa namna fulani kazini, wa kimwili, kisaikolojia au kingono, na karibu nusu yao hawajawahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa vitendo. Kama unaweza kufanya hivyo salama, mwambie hapana mara moja kwa maneno yasiyo na njia mbili, na kama anakutumia meseji mjibu kwa meseji ili hapana yako ibaki imeandikwa. Usifute kitu, hata zile za mwanzo ulizojibu kwa adabu au kwa kicheko, ukifuta mwenzako ataonyesha za kwake tu. Piga skrinishoti zenye tarehe na uzihifadhi mahali ambapo siyo simu wala kompyuta ya ofisi, kwa sababu siku wakikusimamisha kazi vile vifaa wanachukua. Andika daftari la matukio, siku, saa, mahali, alisema nini, nani alikuwepo, andika siku hiyohiyo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, baadaye huyo anaweza kusimama aseme niliambiwa tarehe fulani. Na tafuta tathmini zako za kazi za nyuma zenye alama nzuri uzitunze, maana ukikataa mara nyingi kinachofuata ni kuambiwa ghafla kazi yako imeshuka.

Halafu peleka malalamiko, lakini angalia unampelekea nani. HR, yaani idara ya rasilimali watu, wameajiriwa na kampuni, wapo wazuri wengi, ila ukienda peke yako bila karatasi unawapa nafasi ya kuimaliza kimya. India walijifunza hili, mahakama yao ya juu ilitoa mwongozo 1997 na sheria ikaja 2013, kila sehemu ya kazi yenye watu 10 na kuendelea iwe na kamati ya malalamiko, mwenyekiti mwanamke, nusu ya wajumbe wanawake, na mjumbe mmoja wa kutoka nje ya kampuni. Huyo wa nje ndo muhimu, hana bosi humo ndani. Kama ofisi yenu haina kitu kama hicho ombeni kiwepo kabla hakijatokea kisa, kikishatokea kila mtu ana upande.

Mkataba namba 190 wa ILO wa 2019, ambao umeanza kufanya kazi 25 Juni 2021 baada ya Uruguay na Fiji kuwa wa kwanza kuuridhia, umepanua maana ya kazini. Safari ya kikazi ni kazini, mafunzo, meseji za usiku kwenye grupu la ofisi, nyumba aliyokupa mwajiri, hata njia ya kwenda na kurudi. Unamlinda pia anayeomba kazi na aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, hao ndo wanaowindwa sana kwa sababu hawana mkataba wa kupoteza, wana ndoto tu.

Kama huwezi kushtaki sasa hivi kwa sababu una watoto wa kulisha, hujasaliti mtu. Tunza ushahidi, tafuta kazi nyingine, mlinde msichana anayekuja nyuma yako kwa kumwambia ukweli.

Mume wangu ananiambia shida siyo ofisi, ni mimi kuchoka. Ana ukweli?

Umechoka kweli, ila angalia umechoshwa na nini. ILO walipiga hesabu mwaka 2018, wanawake duniani wanafanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za matunzo zisizolipwa, kwa wastani saa 4 na dakika 25 kwa siku, wanaume saa 1 na dakika 23. Ina maana ukitoka kazini unaingia zamu nyingine. Na zaidi ya mikono kuna kichwa, nani anakumbuka chanjo, sare imepasuka, mwalimu anataka kikao. Mwanaume anayesema "niambie nikusaidie nini" bado amekuachia umeneja.

Iceland tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake waliamua siku moja wasifanye kazi, ya ofisini wala ya nyumbani. Karibu asilimia 90 walishiriki. Shule zikafungwa au zikayumba, maduka na benki yakakwama, akina baba wakaenda na watoto ofisini. Mwaka uliofuata sheria ya usawa ikapita, na 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais. Mwaka 2000 wakaweka likizo ya uzazi ambayo miezi mitatu ilikuwa ya baba peke yake, asipoichukua inapotea, mama hawezi kuitumia. Hapo ndo akina baba wakaanza kuchukua kwa wingi. Kwa hiyo mwambie mumeo kwa upendo kwamba kugawana kazi za nyumbani kuna nchi waliona ni jambo la kutungia sheria.

Mbona wanawake wenyewe hawapendani? Bosi wangu mwanamke ndo ananinyanyasa zaidi.

Anayekunyanyasa mlalamikie, awe mwanamke au mwanaume, jinsia haimpi mtu kinga. Lakini lile la kusema wanawake hawapendani silikubali. Wanaume kumi wanagombania vyeo ofisini kila siku na hamna anayesema wanaume hawapendani. Ofisi ikiwa na kiti kimoja tu cha mwanamke huko juu, waliobaki wote wanalazimishwa kukitazama kile kimoja. Ongezeni viti kwanza.

Nafasi za lazima kwa wanawake siyo upendeleo? Si watapata wasio na uwezo?

Norway walipitisha sheria 2003 kwamba bodi za kampuni kubwa ambazo hisa zake zinaweza kuuzwa kwa umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia, na ilipofika 2008 kampuni isiyotimiza ilikuwa inaweza kuvunjwa. Makelele yalikuwa mengi, wakasema wanawake wenye sifa hawapo, wakapatikana. Mimi naunga mkono, ila niseme ukweli wangu, wanawake bodini peke yao hawapandishi mshahara wa mfanya usafi wa jengo hilohilo. Nikiambiwa nichague kati ya kiti cha bodi na mishahara kuwekwa wazi kwa wote, nachagua mishahara.

Mimi ni dada wa kazi, sina mkataba. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu sana, na ni aibu kwamba tukisema mwanamke kazini watu wanaona mwenye kompyuta mezani. Duniani kuna wafanyakazi wa nyumbani wasiopungua milioni 75, robo tatu ni wanawake, na karibu 8 kati ya 10 hawako kwenye ajira rasmi. Mkataba namba 189 wa ILO wa mwaka 2011 unasema nyinyi ni wafanyakazi kama wengine, saa za kazi ziwe na mpaka, mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo, masharti yaelezwe wazi, ikiwezekana kwa maandishi, na vitambulisho vyako ukae navyo mwenyewe. Bosi wako akishika pasipoti yako "akutunzie" hiyo haikubaliki.

Na nyie akina dada wa ofisini mnaosoma hapa, wengi tunaweza kwenda kazini kwa sababu kuna mwanamke mwingine kabaki na watoto wetu. Tunadai likizo na saa za staha kwa mabosi zetu, yeye tumempa?

Kwa wanaofanya biashara ndogo na vibarua, angalieni walichofanya India. Ela Bhatt alianzisha chama cha SEWA pale Ahmedabad 1972, cha wanawake wanaojiajiri, wabeba mizigo, wauza mboga, washonaji wa majumbani. Serikali ilisita kukisajili ikisema hawana mwajiri, sasa watamdai nani? Wao wakasema chama ni cha kuungana, siyo lazima kiwe cha kupambana na mtu. Kikasajiliwa, na 1974 wakaanzisha benki yao kwa sababu benki nyingine zilikuwa hazitaki kumkopesha mtu asiyejua kusaini.

Chama cha wafanyakazi kina faida gani? Wanakata tu makato.

Viongozi wabaya wapo, wabadilisheni kwa kura. Lakini fikiria wasichana wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York. Mwaka 1909 waligoma pamoja na maelfu ya washonaji wenzao, viwanda vingi vikakubali kusaini na chama, wenye kiwanda chao wakakataa. Tarehe 25 Machi 1911 moto ukawaka, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wanawake 123, wengi ni wasichana wahamiaji wadogo tu. Sheria za usalama zilikuja baada ya hapo. Hayo makato mimi nayalipa.

Mimi ni mwanaume na naona kabisa mwenzangu anaonewa. Nifanye nini?

Mtajie mshahara wako. Mwenzako akitoa wazo kikaoni likapita kimya halafu mwanaume akalirudia likapigiwa makofi, sema hapohapo kwamba alilisema fulani. Na ukipata mtoto chukua likizo yako yote ya baba, kila mwanaume anayeichukua anapunguza sababu ya bosi kuogopa kuajiri mwanamke.

Nikishtaki nikashindwa je? Si nitakuwa nimepoteza kila kitu?

Inawezekana ukashindwa, sitakudanganya. Kabla hujaenda angalia kwanza muda wa mwisho wa kupeleka malalamiko kwa sheria ya kwenu, wengine ni siku chache sana, watu wanapoteza haki zao kwa kusubiri mambo yatulie.

Muda huo ndo ulimwangusha Lilly Ledbetter, yule mama wa kiwanda cha matairi. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi, kampuni ikakata rufaa, na 2007 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikamnyima kwa kura 5 kwa 4, kwamba alitakiwa kulalamika ndani ya siku 180 tangu mshahara wake ulipopangwa vibaya, wakati yeye siku hizo zote hakuwa anajua kitu. Jaji Ruth Bader Ginsburg alisoma kwa sauti pale mahakamani kupinga uamuzi huo na akaliambia bunge lirekebishe sheria. Tarehe 29 Januari 2009 Rais Obama akasaini sheria yenye jina la Ledbetter, ikiwa sheria ya kwanza kuisaini tangu aingie madarakani, na sasa kila mshahara pungufu unaolipwa unaanza kuhesabu siku 180 upya. Yeye mwenyewe kampuni haikumlipa hata senti moja ya ile tofauti, na pensheni yake ilibaki ileile ndogo mpaka alipofariki Oktoba 2024.